Mwenye Safari Huvaa vya Wote

Butembo, tarehe 14 Oktoba 2001

Kwa Yaya Muyisa, ndugu yangu mkubwa mpendwa,

Baridi ya Butembo inakusalimu kabla yangu, maana imeingia hata kwenye vidole vinavyoandika. Mkono unaendeleaje? Plasta inawasha? Mama yetu Godelive anauliza nani anakusongea ugali huko Mangina, na amekwisha kujijibu mwenyewe kwamba hakuna mtu na unakula mihogo mibichi. Sisi wote ni wazima, isipokuwa mbuzi wake, aliyekula sabuni.

Barua yako tuliisoma sebuleni, msomaji nikiwa mimi. Ulipoandika kwamba umeanguka na baiskeli kwenye mteremko wa darajani, Mama alishika kichwa. Lakini nilipofika pale unaposema umezeeka, mikono yako imesahau kuendesha, na kwamba mwisho wa trimestre hii ya masomo utaacha kufundisha shule ya Mabalako kwa sababu huwezi kutembea kilomita kumi na mbili kila asubuhi, niliikunja barua kabla ya kuimaliza. Mama alidhani ni huruma. Miaka thelathini na minne, Yaya, na unajiita mzee!

Kabla sijakujibu, acha nikueleze habari za rafiki zangu, kwa sababu baiskeli uliipokea bila kuwajua. Uliponiachia ile baiskeli yako ya mlimani, mnyororo ulikuwa unaruka na vitesse, yaani gia, moja tu ndiyo ilikuwa inatii. Kununua vipya hakukuwezekana; vita hivi vimefanya hata parafujo iwe kitu cha wakubwa. Ndipo nikakutana na Delphin, anayechomelea vyuma, na Hulda muuguzi, na Nzanzu anayeuza vyuma vya mtumba sokoni. Kila mmoja alikuwa na baiskeli gonjwa na wazimu uleule kama wangu. Tukaunda comité: tuna président, tuna secrétaire, kilichokosekana ni pesa tu. Jumapili baada ya misa tunafungua baiskeli zote nne uani kwa Delphin, na chuma cha huyu kinajaribiwa kwa yule. Hulda aliwahi kupata vitesse saba kutoka kwa baiskeli tatu zilizokufa. Siku hiyo alilia machozi, akasema ni mafuta yamemwingia jichoni.

Tuna kanuni mbili. Ya kwanza, baiskeli ikiwa nzuri ndani lazima iwe mbaya nje. Tunaipaka matope na kufunga matambara juu ya kila chuma kinachong'aa, maana askari wa barrière, wale wa vizuizi vya njiani, wana macho. Delphin husema kinga ya muzuri, ndiyo baiskeli, ni ile askari akiiona anakuhurumia. Kuna askari mmoja aliwahi kumpa Nzanzu muhogo wa njiani. Kanuni ya pili ni hii: mwenye safari huvaa vya wote. Mtu akipata njia ndefu, kila mmoja anafungua kilicho bora kwenye baiskeli yake na kumfungia, kama watu wanavyoazimana koti la harusi.

Basi ulipoandika mwezi wa nane kwamba umepata shule na unahitaji baiskeli yako, Hulda alisema mwenye safari ni wewe. Niliwaambia hawakujui hata sura. Nzanzu akanijibu, “Batoto banangojea mwalimu, Lusenge. Kumujua kutasaidia nini?” Hulda akatoa vitesse zake saba. Delphin akatoa gurudumu la nyuma, Nzanzu akatoa fremu yote ya mbele inayoshika usukani. Tangu siku hiyo Hulda anakwenda zamu kwa mguu, saa nzima, na sijamsikia akinung'unika.

Sehemu yangu ilikuwa breki. Ile redio niliyokuambia imeharibika haikuharibika, Yaya. Nilibadilishana na dereva mmoja wa Kasindi, akanipa jozi ya breki mpya, ambazo ukizigusa kwa kidole kimoja baiskeli inasimama hata kwenye tope. Nilizipenda, nitasemaje? Siku ya kufunga baiskeli yako nilifika kwa Delphin wa kwanza, peke yangu. Breki mpya nikazificha kwa baiskeli yangu ya kesho, nikaweka zangu za zamani, zile za vipande vya taire ya gari, nikazizungushia matambara vizuri kabisa. Wenzangu walipofika waliyaona matambara, wakasifu kazi. Hakuna aliyefungua kutazama. Kwetu tambara ni alama kwamba chini yake kuna kitu kizuri.

Taire ile ikipata maji haishiki. Nilijua hivyo. Nilijidanganya kwamba mvua zitachelewa, na kwamba zile nzuri nitakutumia baadaye. Wewe ukaanguka siku ya mvua. Mikono yako haikusahau kitu. Ilivuta breki, na breki hazikushika. Si uzee, Yaya, ni mimi. Watu wasiokujua walikupa walichonacho, na ndugu yako wa tumbo moja ndiye aliyekunyima. Naona haya hata kuandika.

Jumapili iliyopita niliiambia comité. Hulda alisema nisikanyage uani mpaka wewe uniruhusu, na Delphin akaandika uamuzi huo daftarini. Mama nimemwambia pia. Aliinuka, akaenda jikoni kukuchambulia maharage.

Nzanzu anakuletea barua hii. Mimi nitakuja Ijumaa na lori la mbao, kama njia itakuwa wazi, na breki nitakuwa nazo mfukoni. Barua ya kuacha shule usiiandike. Kama umekwisha kuiandika, ichane. Nitazifunga breki mbele ya macho yako. Kisha wewe utasimama juu ya mteremko ule, na mimi nitashuka kwanza, mvua inyeshe au isinyeshe.

Mama anakutumia maharage na maombi yake ya kila siku. Hulda anasema plasta isiguse maji, na vitesse ya tatu usiitumie ukipanda mlima. Wasingya, asante sana, Yaya, kwa kunisoma hadi hapa bila kuchana karatasi.

Mdogo wako anayekupenda, ingawa hukuliona hilo kwenye baiskeli,

Lusenge