Dondoo za Baraka ya Baba

Kenyamonta,
Serengeti.
9 Agosti, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Sadock,

Habari za huko Songea? Mchumba wako Sarah hajambo, na kile kifua chako kimetulia? Sisi tunapumua. Mvua ilituchenga na ulezi umetoka makapi, lakini hatujalala njaa.

Umeuliza nilikuwa na maana gani niliposema Baba amebaki na dondoo. Dondoo ni sehemu chache zilizochaguliwa kutoka kwenye maneno marefu. Redioni tunapewa dondoo za habari, na mtendaji hutusomea dondoo za kikao kilichopita. Ni kudondoa kule kule kwa marehemu Mama, akiokota ulezi uliomwagika uani punje kwa punje. Ila anayedondoa huchagua. Baba hachagui, anasema kile tu ambacho ugonjwa wa kusahau umemwachia.

Yeye mwenyewe hakuzipenda dondoo. Unakumbuka dada yetu Wegesa alipokuwa anaolewa, akimbembeleza Baba afupishe baraka kwa sababu gari linasubiri? Baba alikuwa na togwa mdomoni, tayari kumpulizia kifuani kama desturi ya kubariki. Akaimeza kwanza, akamjibu, "Baraka si maharage, haichambuliwi." Akaanza upya kutoka kwa babu wa babu. Gari likaondoka.

Kwa hiyo ulipopiga simu kuomba yako kabla ya harusi, nilimpa Baba kikombe cha togwa na kumwekea simu sikioni. Alimtaja Babu Nchagwa, akataja mlima, akataja ng'ombe mmoja, akanyamaza. Wewe ulidhani mtandao umekatika. Haukukatika, mdogo wangu. Alinirudishia simu akasema, "Huyu simjui. Iliyobaki namwekea Sadock."

Nililia jikoni mpaka moto ukazima.

Usihangaike na nauli kwa ajili ya hilo. Daktari ametuambia hakuna dawa, nami sioni tumaini. Ukija hatakujua, na siku hizi hata Babu Nchagwa hamtaji tena. Najua uliitaka nzima. Haipo.

Wegesa na Shangazi Nyangi wanakusalimu sana, na Mjomba Nyangwine anasema umwoe Sarah hivyo hivyo. Mungu awafunike nyote wawili.

Baba bado anadai togwa kila asubuhi. Anasema ni ya Sadock, yuko njiani. Anakaa nayo mlangoni mpaka inachacha, kisha naimwaga.

Dada yako anayekupenda bila kuchoka,
Beatrice