Meno ya Plastiki na Pengo la Editha

Ifakara, Jumanne ya masika

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla, na sasa vyura wa majaruba ya mpunga ndio wenye mji. Moyo wangu umetulia. Nitaeleza kwa nini, maana kueleza ndiyo kazi niliyozeekea.

Asubuhi jirani yangu Bibi Skola alikuja kuniachia ufunguo wa nyumba yake. Nyuma yake alisimama bintiye, Editha, amembeba mwanawe Deo wa miezi saba. Mtoto ana homa na anaharisha. Bodaboda ilikuwa inawangoja barabarani.

"Tunakwenda Kiberege, Mwalimu. Kuna mama huko anatoa meno ya plastiki."

Hapo nikasahau habari ya ufunguo.

Huku kwetu mtoto akiharisha na fizi zikavimba, wengi husema ameota meno ya plastiki, vitu vyeupe, laini, vinavyoleta ugonjwa. Basi huchokonolewa, mara nyingine kwa spoku ya baiskeli. Lakini vile vyeupe ni chonge zake mwenyewe, bado changa ndani ya fizi. Ukizitoa umemng'oa mtoto meno yake, mara nyingine hata ya ukubwani, ugonjwa umeuacha palepale, na kidonda umemwongezea. Wapo waliozikwa kwa tiba hiyo.

Nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufundisha matabibu wa meno bondeni huku, enzi za kiti kimoja na mashine ya kukanyaga kwa mguu. Wanafunzi wangu niliwaambia kila mwaka: mkiletewa mtoto, tazameni kwanza mdomo wa aliyemleta.

Nikamwomba Editha afungue mdomo.

Chini, upande wa kushoto, hakuna chonge. Kuna pengo tu.

"Nilizaliwa hivi, Mwalimu," akasema, akicheka kwa aibu.

Nilimtazama mama yake, naye akatazama matope.

"Ulikuwa unaungua homa, mwanangu," Bibi Skola akasema polepole. "Nilikupeleka ili upone."

Editha akapitisha ulimi kwenye lile pengo.

"Jamani, twende au nizime pikipiki?" dereva akauliza.

"Twende," Editha akasema. "Ila siyo Kiberege. Hospitali."

Bibi Skola akapanda nyuma yake.

Jioni wamerudi. Ni malaria. Deo amepewa dawa, na maji ya chumvi na sukari ya kunywa kidogo kidogo. Nilimwambia Bibi Skola kwamba alichofanya zamani alikifanya kwa mapenzi. Akanijibu, "Mapenzi nilikuwa nayo. Wewe ulikuwa na elimu, nyumba ya pili tu. Vijana wako uliwafundisha. Sisi kina mama je?"

Amenishika pabaya. Nimewaza sana juu ya swali hilo, na halikuniuma kama nilivyodhani. Bado nina miguu na sauti.

Alhamisi ni kliniki ya watoto. Nitakwenda kukaa kwenye benchi na kina mama.

"Tutakwenda wote," Bibi Skola amesema. "Ukieleza peke yako watasinzia."

Kabla ya kuchukua ufunguo wake alininyooshea kidole chenye alama mbili ndogo za meno. Deo bado ana joto, lakini amemng'ata.

Alikishika kidole kile kama mtu aliyevishwa pete.