Supu ya Machipukizi ya Solbi

Daejeon,
Jumapili, 12 Aprili 2020.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Habari za Jeju? Goti lako linaendeleaje, na unapata usingizi? Sisi ni wazima. Mimi nina furaha hadi nacheka peke yangu jikoni. Ndoa ina miezi miwili, lakini Gyutae wangu akigeuza ufunguo mlangoni jioni, moyo bado unanienda mbio kama siku ya kwanza.

Ila nimechanganyikiwa, Mama Mkubwa. Unajua nilimkuta na binti wa miaka mitano, Solbi. Ananiita shangazi, kama anavyomwita muuza duka. Chekechea imefungwa kwa sababu ya maradhi, kwa hiyo mwalimu anatuma video ya dakika nne kila asubuhi. Ikiisha, Solbi ananitazama, nami namtazama. Nilimpigia mwalimu kuuliza nimfundishe nini. Akasema, “Usimfundishe, mama. Cheza naye.” Shule nilifundishwa hesabu na historia. Kucheza sikufundishwa.

Mama mkwe alikuwa ameshasema kwamba kama mtoto hatakuwa amenizoea kufikia Jumamosi, atamchukua akae naye kwake Gongju hadi shule zifunguliwe. Usiku ule Gyutae hakula.

Chekechea ilikuwa imetuma maharage ya soya, chungu kidogo na kitambaa cheusi. Solbi aliyafunika na kuyamwagilia mara sita kwa siku, bila kunikaribisha. Yakachipua vizuri mno. Jumatano asubuhi nikaona chungu karibu na jiko, nikadhani machipukizi ni ya mboga, nikampikia mume wangu supu. Alimaliza bakuli mbili, mpenzi wangu.

Solbi alipofunua kitambaa alilia hadi akakwama pumzi. Nikakimbilia sokoni, nikanunua machipukizi mengine na kuyapachika kwenye chungu.

“Hawa siwajui,” akasema. “Wangu walikuwa na majina. Wako wapi?”

Nikasema kweli. “Tumboni mwa baba. Nimewapika mimi. Nisamehe.”

Akakichukua kitambaa chake, akakikunja. Jioni Gyutae alipoingia tu, Solbi akamwambia, “Baba, kaa chini.” Akamtupia kile kitambaa cheusi kichwani.

“Jamani, nimefanya nini?”

“Machipukizi hayasemi. Shangazi, lete maji.”

Nikaleta. Kila baada ya muda tukamnywesha kikombe, kisha Solbi akatega sikio tumboni. “Bado wadogo,” akasema. Mume wangu alikwenda msalani mara saba. Nilimpiga picha, nikaituma kwa mwalimu, naye akajibu kwamba hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote za wiki. Mimi sielewi hata sasa mtoto amejifunza nini.

Jana mama mkwe akaja na begi tupu. Akamwambia Solbi avae viatu.

“Siwezi, Bibi. Baba hajamwagiliwa, na shangazi akibaki peke yake atampika.”

Mama mkwe alinitazama, nikatazama sakafu. Mwishowe akaketi, akaomba chai. Aliondoka jioni na begi lake tupu.

Sasa niambie, Mama Mkubwa, maana wewe umelea wanne: amebaki kwa kunipenda, au kwa kumlinda baba yake nisimpike? Gyutae anasema nisiulize.

Nisalimie Baba Mkubwa, dada Yerim na mtoto wake mchanga. Mbingu ziwaepushe na maradhi haya, na goti lako lipate nguvu za kukufikisha kwetu.

Mimi mwanao akupendaye sana,
Hyojin