Mbawakawa wa Bi Mwanahawa

Dada yangu Kalunde, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kibiti, viganja vimejaa malengelenge. Juzi, kwenye milima ya Umatumbi, nilipata mbawakawa ambaye hakuna kitabu kinachomtaja. Ni mweusi kama sufuria la msibani, na mbawa zake zimegandana, hivyo maisha yake yote ni kutembea. Mwenyeji wangu Bi Mwanahawa, Mndengereko, alimchungulia chupani akaangua kicheko.

"Mzigo mgongoni, safari kwa miguu, na ukimgusa ananuka. Mnyamwezi huyu, kama wewe!"

Nikamjibu kwamba watani zetu miguu hawaijui, kutwa wamekaa mtumbwini. Basi akaiteka chupa, akaifunga kwenye kanga: siipati mpaka nimtwangie mpunga. Nimetwanga debe zima, majirani wakinipigia vigelegele.

Nimelipiza kwa heshima zote. Mdudu nitampa jina la Bi Mwanahawa, na tangu jana mwenyewe anatangaza mtaa mzima. Sijamwambia bado kwamba wajina wake nilimfukua chini ya mavi ya nyani.

Mkumbatie mama. Bi Mwanahawa atakupigia simu akupe habari njema. Mpongeze, dada, tafadhali usicheke.

Mdogo wako akupendaye,
Nyanzobe