Jalada la Arobaini na Moja

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kisukari chako kimetulia, na Mama hana tena haja ya kukuficha bakuli la sukari. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka uchovu usioondoka kwa usingizi.

Mkuu wa maabara alinikabidhi kazi ya heshima: kuchambua majalada ya wagonjwa wa bakteria mmoja aishiye kwenye udongo na maji. Huwashambulia watu hasa msimu wa mvua, na wenye kisukari ndio huwaonea zaidi. Homa na kikohozi chake humfanya mtu adhani ni kifua kikuu. Kisha majipu huota kwenye ini na wengu. Awahiye dawa yake huweza kupona, ingawa huitumia kwa miezi. Niliandika kwamba kati ya wagonjwa arobaini, kumi na sita walifariki. Mkuu aliisifu ripoti hiyo, akaagiza niisome keshokutwa mbele ya madaktari wote.

Baba, majalada yalikuwa arobaini na moja.

Lililobaki ni la mfyatua matofali, mtu wa rika lako, aliyenitania kila nilipomtoa damu kwamba kunguni wa wodini wana huruma kunishinda. Bakteria wa damu yake waliota kwenye kisahani cha maabara siku ya tatu. Hapa tumezoea kuhesabu kinachochelewa kuota kuwa ni uchafu ulioingia kutoka nje, si ugonjwa. Nami, kwa kutaka kuonekana mwepesi wa kazi, niliandika “uchafu”, nikatia saini, nikakitupa kisahani, naye akaendelea kutibiwa kifua kikuu. Muuguzi wa zamu aliniuliza ni kifua kikuu gani hicho chenye majipu kwenye ini. Nikamjibu kwamba maabara imekwisha kusema. Mgonjwa alifariki siku ya tisa. Katika uchambuzi, nilipoona dalili zake ni zile zile na saini yangu chini yake, nililifungia jalada lile kabatini.

Leo nimelirudisha. Sasa ni kumi na saba kati ya arobaini na mmoja. Mkuu amesema nitaisoma ripoti, na saini yangu nitaisoma pia. Huenda nikarudi nyumbani na sanduku langu. Majirani wakikuuliza, usinifichie.

Nakusihi, usikanyage tena udongo wa matofali bila buti, na kidonda kile cha kisigino ukifunike. Ukishikwa na homa, mtajie daktari kazi yako kabla hajakuuliza.

Nisalimie Mama, na dada zangu wote.

Ni mimi mwanao,
uliyezoea kumwita Profesa.