Saba ya Nani?

Keko Magurumbasi,
S.L.P. 45117,
Dar es Salaam.
3 Mei, 1998.

Mpendwa Mjomba Khalfani,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na baridi ya huko Uingereza imeanza kukuonea huruma. Sie hatujambo, ila mvua haitaki kutuacha; mbao za baba zimelowa na makochi ya watu hayajakwisha. Goti la Bibi limepoa. Kila Ijumaa nikifika kwake Kimbiji swali lake la kwanza ni moja tu, "Mwanangu kaandika?"

Umeandika, Mjomba, na barua yako ndiyo imeninyima raha. Umesema joto la bahari ya Kimbiji limeruka tangu Oktoba, kwamba ndoo yetu ya kupimia inaonyesha bahari ina joto kuliko setilaiti inavyoiona, na mwezi wa sita utasimama mbele ya maprofesa wako uwaonyeshe. Ukanisifu. Bibi akataka nimsomee hadi jirani. Nilipomaliza nikaenda kujificha uani.

Nakuomba usiwaonyeshe kwanza. Kosa ni langu.

Kaka Mbwana alikupimia maji miaka mitatu, kila Jumamosi, kabla hajaanza kazi kwenye karakana ya baba. Aliponiachia daftari, fomu yako ya Kiingereza ilisema "7.00". Mie nikasoma saba, nikawa nakwenda saa saba. Mchana, Mjomba! Jua la utosi, maji yamepata moto juu juu, nami na ndoo yangu naona nafanya sayansi. Kumbe setilaiti yako inapita asubuhi.

Hakuna aliyeniuliza mpaka Jumamosi ya baada ya Idd, Mbwana alipokuja kumsalimia Bibi.

"We Shamimu, unakwenda wapi na ndoo jua lote hili?"

"Kupima. Si saa saba?"

"Saba ya nani? Saba ya Wazungu ni saa moja yetu asubuhi, msomi mzima!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Bibi akauliza kwani Wazungu wana jua lao. Mie sikucheka. Maswali ya saa kwenye mtihani wa Kiingereza nilipataga yote.

Na nikwambie jambo ambalo hata Mbwana hajui. Ile fomu niliitilia shaka tangu siku ya kwanza. Lakini saa moja asubuhi pwani imejaa wanaume wanashusha samaki, wakiniona wanaanza, "Bi Daktari, bahari ina homa?" Naona haya hata kusogea. Saa saba hakuna mtu. Saba ya Kiswahili ilinifaa, basi nikaiamini.

Tangu siku hiyo nimepima Jumamosi tatu, mara mbili kila siku. Namba zote ziko kwenye karatasi ya pili. Saa saba mchana wastani ni 31.0. Asubuhi ni 29.6. Halafu nikafungua daftari la Mbwana, Aprili ya mwaka jana, asubuhi: 28.7. Kwa hiyo si mruko wote ulio wangu, Mjomba. Sehemu kubwa ni ya kosa langu, iliyobaki ni ya bahari yenyewe. Bibi alipokwenda kuchokoa pweza alikuta matumbawe meupe kama yamepakwa chokaa. Anasema hajapata kuona.

Uliniandikia kwamba mwaka mmoja wa joto hausemi kitu peke yake, mpaka miaka mingi ipange foleni nyuma yake. Basi hiyo miezi yangu saba (saba tena!) kama ni lazima itupwe, itupe. Ya Mbwana usiiguse, ile ni safi.

Jana asubuhi walinitania tena. "Bi Daktari, homa imepanda?" Safari hii nikajibu, "Imepanda, njoo usome mwenyewe." Mzee Mwinshehe, mmoja wa wavuvi wale, akaja kweli, akakishika kipimajoto kama yai, akasoma, hakutania tena. Akaniuliza Jumamosi ijayo nitakuja saa ngapi. Nikamwambia saa moja.

Baba na mama wanakusalimu sana. Mbwana anasema ukirudi umletee saa moja tu, asije akachanganyikiwa kama mie. Bibi anakuombea kila swala. Mungu akulinde, akurudishe kwetu ukiwa na siha na elimu yako.

Barua hii nimeimaliza saa kumi jioni. Kumi ya kwetu.

Mpwa wako akupendaye, hata ukikasirika,
Shamimu