Usipa Usiomfikia Pankras

Mbinga Mjini,
9 Agosti

Kwako Mama Eunice,

Shikamoo Mama. Habari za Liuli, na miguu inasemaje? Natumaini sasa unafika kanisani bila kushikwa mkono. Sisi tunaendelea. Baridi imetukalia, na kahawa ya shambani kwetu Maguu tumemwachia kaka yangu Kilian, ambaye anavuna kama anaogopa kuiumiza miti. Tangu tupange nyumba hapa mjini ili safari za Songea zipungue urefu, kazi yetu imekuwa ni hospitali tu. Nakuandikia kwa sababu simu huisikii vizuri, na mambo haya sitaki uyapate vipande vipande. Namwomba wifi Lidia akusomee yote polepole, hata yale yatakayomkasirisha.

Mwanao Pankras bado anasafishwa damu kwa mashine, Jumanne na Ijumaa. Anarudi hoi, ila kesho yake akianza kukosoa ninavyosonga ugali najua amepata nafuu. Ijumaa iliyopita walimpima moyo. Daktari alituketisha, akasema umetanuka na mishipa imeanza kukakamaa, na kwamba wagonjwa wengi wa mashine huondoka kwa moyo kuliko kwa figo zenyewe. Vipimo vilionyesha pia vitamini D iko chini sana. Nikakumbuka maneno yako kwamba huku milimani tunamfungia kwenye ukungu, nikauliza kama kosa ni kumkosesha jua. Akaeleza kwamba jua ni zuri, ila vitamini hiyo, iwe ya jua au ya chakula, huhitaji figo iiandae ndipo ifanye kazi, na figo za Pankras zimegoma. Ikikosekana, mwili unachota madini kwenye mifupa na kuyamwaga kwenye damu, na yakikutana na fosforasi ambayo mashine haiwezi kuimaliza, yanaganda mishipani kama chokaa kwenye sufuria ya maji. Amempa vitamini iliyokwisha kuandaliwa, na vidonge vingine vya kumeza pamoja na chakula. Kisha akauliza tena habari za samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao.

Hapo ndipo lilipo neno langu, Mama, nami nimelizungukia vya kutosha.

Unakumbuka mwaka jana daktari alikataza usipa, kwa kuwa unaliwa mzima, kichwa na mifupa, na fosforasi imejaa humo. Nilikufikishia kupitia wifi. Jibu lililorudi ni kwamba mwanao amejengwa kwa usipa, na kwamba mwanamke wa Kimatengo anatafuta sababu ya kumnyima chakula cha kwao. Liliniuma. Ukatuma mfuko mwingine kwa Edina, yule muuza samaki wa sokoni. Pankras aliumaliza kwa siku tatu akinificha, akawashwa mwili mzima hadi akajichuna ngozi. Nikaona nikibishana na ninyi wawili nitashindwa, maana watu wa ziwani mnaamini hakuna ugonjwa unaoukaidi usipa. Kuanzia Oktoba kila mfuko wa mwezi niliupokea mimi sokoni, na haukufika nyumbani. Niligawia majirani, na mwingine, nisikufiche, nilikula mwenyewe. Wifi akipiga simu namwambia Pankras amekula, anashukuru.

Uongo huo peke yake ningeweza kuubeba. Lakini upo wa pili. Pankras nilimwambia hakuna kilicholetwa. Mwezi ule wa Oktoba alisema labda ziwa limechafuka. Mwezi uliofuata alisema labda Edina amesahau. Baada ya hapo akaacha kulitaja, wala hakumuuliza hata dada yake Lidia, kwa sababu alivyolelewa na wewe, mtu haulizii zawadi. Nilimwona akinyong'onyea nikajiambia ni ugonjwa. Ijumaa hiyo, tulipotoka kwa daktari, akaniambia nisiwasumbue watu wa Liuli na habari za moyo wake. Alisema mama yake ameshamweka pamoja na marehemu, wala hamlaumu, kwani kumlisha mtu wa mashine ni kupoteza samaki. Alisema kwa upole, kama anayemzungumzia mtu mwingine. Mama, mimi ndiye niliyemfanya aamini hivyo, miezi yote hii, nikijiona mke mwerevu.

Barua hii nimemsomea mpaka hapo juu kabla ya kuimalizia. Nilitegemea anifokee. Aliuliza tu ilikuwa mifuko mingapi. Nikamwambia kumi. Akaniomba nirudie, nikarudia. Ndipo akalia, na sijawahi kumwona akilia, hata siku aliyoambiwa figo zimekufa. Hajanitazama vizuri tangu hapo, na sina la kujitetea.

Usinisamehe kwa sababu ya barua. Njoo, Mama. Panda gari wiki hii, uje bila mfuko wowote. Daktari hakutuahidi miaka. Ukifika unaweza kunigombeza sebuleni, jikoni, popote utakapo, lakini kwanza uingie chumbani kwake.

Mfikishie wifi Lidia salamu zangu kama atazipokea, na majirani wote wa hapo ufukweni. Kilian anakuamkia. Salamu za Pankras nilitaka kuziandika hapa, akakataa. Anasema atakupa mwenyewe.

Mimi mke wa mwanao,
Hildegardi